Mama Mkwe Amekonda

Jumapili, 2 Machi

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Sijaandika humu tangu mvua za mwaka jana, na sababu si maradhi wala safari. Sababu ni aibu. Mwalimu aliyewahimiza wanafunzi wake kwa miaka mingi waandike shajara bila kuruka siku alilifunga daftari lake mwenyewe, kwa kuwa palikuwa na jambo ambalo hakutaka kuliona katika maandishi. Basi naliandika sasa, nilimalize.

Nilikwenda kupimwa macho. Chumba cha daktari kilikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda. Mimi ni mwanamke mnene. Silitafuti neno la kulipamba. Kabla ya kufika ghorofa ya tatu magoti yaligoma, pumzi ikakatika, nikawa siwezi kupanda wala kushuka. Vijana wawili walikuwa wakipandisha kabati. Waliliegemeza ukutani, wakaleta kiti, wakaniketisha, wakanibeba kunishusha. Walikuwa na adabu na sina la kuwalaumu, ila lugha waliyoitumia ilikuwa ile ile ya makabati: “Inua kwako! Angalia kona! Zungusha, zungusha, usikwaruze ukuta!” Watu walijibana kando kutupisha. Mmoja akauliza, “Inapelekwa wapi?” Hakusema anapelekwa.

Tangu siku hiyo sikupenda kutoka nje. Leo, baada ya chakula cha mchana, nimeamua. Nitabebwa mara moja tu tena, na siku hiyo sitakuwa na habari. Kesho naanza kukimbia.

Jumatatu, 3 Machi

Nilivaa raba, suruali ya kulalia na gauni refu juu yake, nikajifunga kitambaa kichwani. Mpango wangu ulikuwa huu: kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili natembea, kutoka ya pili hadi ya tatu nakimbia.

Pale kona pana fundi cherehani, mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Redio, na hakuitwa bure. Alikuwa ameinamia mashine yake. Aliponiona napita mbio aliitupa nguo ya watu chini akanifuata. “Mwalimu! Mwalimu! Nani amekufa?”

Nilitaka kumjibu lakini sikuwa na pumzi ya kumjibia. Kimya changu kikawa jibu. Nyuma yake akatoka kinyozi, na nyuma ya kinyozi mteja aliyenyolewa upande mmoja, na shuka bado shingoni. Mwanamume mwingine alichomoka na ndoo ya maji akipiga kelele, “Uko wapi moto?” Nilipofika kwenye nguzo nikaikumbatia. Wao nao wakasimama, wote wanahema, wote wananitazama.

“Hakuna kitu,” nikasema nilipoweza. “Nafanya mazoezi.”

Walinitazama kama watu waliodhulumiwa. Yule wa ndoo akauliza, “Sasa maji haya niyapeleke wapi?”

Redio akatikisa kichwa. “Mwalimu, mtu mzima hakimbii mwibani bure. Kama hafukuzi nyoka, basi nyoka anamfukuza yeye.”

“Mimi nakifukuza kitambi,” nikamwambia. “Rudi kwenye cherehani yako.”

Jumanne, 4 Machi

Viungo vyote vinauma, pamoja na vile nilivyokuwa nimesahau kwamba ninavyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekimbia. Hakunifuata mtu yeyote ila mbwa, naye alichoka kuningoja.

Jumamosi, 8 Machi

Mapaja yamechubuka kwa kusuguana. Nimeyapaka mafuta ya mgando. Vitabu vya mazoezi nilivyovisoma havilitaji jambo hili hata kidogo. Bila shaka waliviandika watu wembamba.

Sasa niandike habari za nyumba hii. Naishi kwa mwanangu, mtoto wangu wa pekee, tangu nilipostaafu. Ni mhasibu, mtulivu, hajawahi kunipandishia sauti. Mkewe ni mwanamke wa maneno machache na mafuta mengi. Anapika vizuri, hilo silikani, na mwili wangu ni ushahidi. Lakini hajui kipimo. Leo mchana alinipakulia wali uliopanda kama kichuguu, na nyama juu yake. Nikala nusu, nikamrudishia sahani.

Akaitazama. “Chumvi imezidi, Mama?”

“Haikuzidi. Nimeshiba.”

“Umeshiba?” Aliuliza kama aliyeambiwa kwamba nimeuza nyumba.

“Nimeshiba,” nikarudia. Kwangu jibu moja linatosha kwa swali moja.

Jioni alinipakulia kichuguu kikubwa zaidi. Naona ni mkaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Mwanangu alinikuta nikifunga kamba za raba. “Mama, huoni kwamba watu watasema?”

“Watasema. Mdomo haukupewa kazi nyingine.”

“Lakini Mama, kwa umri wako… Si utembee tu, polepole?”

Nikamwambia kwamba kutembea polepole ndiko kulikonifikisha kwenye kile kiti. Hakuelewa, kwa maana sikuwahi kumsimulia. Akaenda kazini.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeanza. Nimekimbia kutoka nyumbani hadi kwenye daraja bila kusimama. Siandiki zaidi. Nataka sentensi hii ikae peke yake.

Nimekimbia hadi darajani bila kusimama.

Ijumaa, 4 Aprili

Magauni yananipwaya. Nilimpelekea Redio mawili ayapunguze. Alinizungushia futi kiunoni, akaisoma, akaizungusha tena, halafu akanyamaza. Redio kunyamaza ni jambo la kutia hofu.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “kwako ni salama?”

“Kwangu wapi?”

“Nyumbani. Kwa mtoto. Chakula kipo?”

“Kipo kingi kupita kiasi.”

“Sawa.” Akaning’iniza futi shingoni. “Mimi siulizi kwa ubaya. Mtu wa makamo yako kukonda ghafla hivi, mtaa una macho. Uliingia pale kwa mkwe ukiwa mtu, sasa hivi…” Akanionyesha kidole chake kidogo.

Sikufika kwenye kidole kidogo na sidhani kama nitafika. Nilimwambia aache upuuzi na asikaze sana mikononi. Nikaondoka nikifurahia kiuno changu. Uzito wa maneno yake niliuacha pale pale kibandani.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Kichomi cha ubavuni. Nimekimbia.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeanguka. Tope la karibu na daraja lilinibwaga kifudifudi mbele ya foleni nzima ya magari, na dereva mmoja akachungulia dirishani akasema, “Bibi, mbio za sakafuni huishia ukingoni!” Nikamjibu nikiwa bado chini kwamba ukingo wenyewe bado sijauona, akiuona aniitie. Baadhi ya abiria wake walicheka, na nafikiri walimcheka yeye.

Goti lilichanika. Nyumbani, mkwe alileta maji ya moto, akapiga magoti, akaanza kuniosha. Nilisubiri aniambie niache kukimbia, kama wote. Hakusema. Alisafisha tope punje kwa punje. Nikaona kwamba macho yake ni mekundu.

“Unalilia goti langu?” nikamwuliza.

“Hapana, Mama.”

“Basi unalia nini?”

Ilinibidi niulize mara kadhaa. Mwisho akasema bila kuinua uso: “Wananiita Mnyima. Nikienda sokoni wanaulizana kama nyumbani kwetu sufuria zina tundu. Juzi mmoja ameniwekea ndizi mbili kwenye kikapu akasema, hizi mpe mama mkwe, kwa siri, mumeo asione.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningesemaje? Ningekuambia, Mama, nenepa?”

Miaka yote niliyoishi humu nilidhani mwili wangu ni wangu. Kumbe ulikuwa cheti chake. Watu waliponiona nimejaa, walisema, huyo mkwe anajua kutunza. Kila kichuguu cha wali alichonipakulia kilikuwa ni jina lake jema, na mimi nilikuwa nikimrudishia nusu bila maelezo. Nilimwita mkaidi humu ndani. Sikulifuta neno hilo, likae, lakini sasa naandika kwamba nilikosea kuhukumu.

Nilitaka kwenda kwa Redio papo hapo. Goti lilikataa.

Jumatano, 16 Aprili

Goti limepungua uvimbe. Nimechechemea hadi kwa Redio nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mkwe wangu ananilisha vizuri na kwamba ninapungua kwa kukimbia. Alinisikiliza kwa heshima. Nilipogeuka nilimsikia akimwambia mteja, “Unaona? Ametumwa.”

Jumamosi, 26 Aprili

Kaka yangu amekuja. Ni mkubwa kwangu, ndiye kichwa cha familia tangu baba afariki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenye neno la mwisho. Hakuketi. Alinishika mkono juu ya kiwiko kama anayepima ndizi.

“Mdogo wangu, umekwisha.”

“Nimepungua, kaka. Kwisha ni jambo jingine.”

“Usinifundishe kusema. Funga mizigo twende kwangu ukale.”

“Hapa ninakula.”

“Unakula nini? Hewa?” Akageukia jikoni, akapaza sauti ili mkwe asikie. “Mtu hakondi kwa raha! Aliyeshiba huonekana!”

Nikamwambia kwamba nakimbia. Nikamwambia kwamba juzi nilipanda ngazi za benki hadi juu bila kushika ukuta. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya kaka yangu ni nzito kuliko hasira yake.

“Mwanamke wa umri wako anayezunguka barabarani alfajiri,” akasema, “ana kitu kinachomtoa nyumbani.”

Hapo nikatambua kwamba wamekwisha kuipata tafsiri yao, na kwamba kila nitakalolifanya litaingizwa humo.

Jumapili, 4 Mei

Mvua ya siku nzima. Nimekimbia ndani yake. Mkwe aliniachia taulo mlangoni.

Jumapili, 11 Mei

Jana palikuwa na kikao. Naandika yote, kwa utaratibu.

Walikuja kaka na mkewe. Kaka alikuwa amewaita pia wazazi wa mkwe, bila kutuambia. Baba yake ni fundi saa, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mama yake alikuja na chakula alichokipika mwenyewe, vyungu vitatu vimefungwa kitambaa, akaviweka mbele yangu bila kunitazama usoni. Nilielewa maana yake. Alikuwa akilipa deni ambalo binti yake hakukopa.

Kaka alikaa kwenye kiti kikubwa. “Hatukuja kugombana,” akaanza. “Tumekuja kuuliza swali moja. Huyu mdogo wangu aliingia nyumba hii na mwili wake. Mwili umekwenda wapi?”

“Nimeupeleka barabarani, kaka,” nikasema. “Nguzo kwa nguzo. Ukiutaka, uko kati ya hapa na darajani.”

Hakucheka mtu. Mke wa kaka alisonya. “Wifi, sisi tunakujua. Anayekaa kwa mtu hawezi kumsema mwenye nyumba. Huna haja ya kuogopa.”

“Mimi? Kuogopa?”

“Ndivyo anavyosema anayeogopa.”

Nimesahihisha hoja za watoto wa kila aina maishani mwangu, lakini hiyo sikuona pa kuipitisha kalamu. Nikisema nalishwa, nimetishwa. Nikinyamaza, nimetishwa zaidi. Nilikuwa shahidi pekee, na nilikuwa shahidi asiyeaminika.

Baba wa mkwe akajikohoza. “Kama mtoto wetu amekosa,” akasema, “basi tumekosa sisi tuliomlea. Tunaomba—”

“Baba, usiombe radhi.” Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Sauti yake haikupanda. “Sijamnyima Mama kitu. Kila siku napakua, kila siku anajibu ameshiba. Mume wangu yupo hapa. Anakula meza moja na sisi. Mwulizeni yeye.”

Wote wakamgeukia mwanangu.

Ilihitajika sentensi moja tu. Mke wangu anamlisha mama yangu. Mtoto wa darasa la kwanza angeitunga. Mwanangu alitazama viatu vyake, akatazama viatu vya mjomba wake, akasema, “Mjomba amesema kwa nia njema.”

Basi.

Kaka akaichukua nafasi hiyo. Akaamua kwamba mkwe arudi kwa wazazi wake kwa muda “akakumbushwe”, na yeye atamleta binti yake anipikie mpaka mwili urejee. Mkwe hakungoja amalize. Aliliweka sinia mezani, vikombe havikulia hata kimoja, akaingia chumbani, akatoka na mkoba. Alisimama mbele ya mumewe.

“Umesema vizuri,” akamwambia. “Nimekusikia.”

Akaondoka na wazazi wake mvuani. Mama yake alisahau vyungu.

Nikasimama. Nikamwambia kaka kwamba nimemheshimu tangu alipokuwa akinishika mkono kuvuka barabara, na kwamba safari hii amenivusha mahali pabaya. Nikamwambia kwamba binti yake asisumbuke kuja. Shangazi yake ana mikono. Nikamwambia mkewe kwamba siogopi, na kama ndivyo wasemavyo wanaoogopa, basi mji huu una watu waoga wenye sauti kubwa sana. Kaka aliniambia nikae chini. Sikukaa. Waliondoka mimi nikiwa nimesimama.

Kwa mwanangu sikusema neno. Nilimlea aheshimu wakubwa. Sikujua kwamba yeye alielewa kuinama tu.

Jumatatu, 12 Mei

Binti wa kaka alikuja na mfuko wa nyama. Nimemrudisha pamoja na nyama yake.

Jumatano, 14 Mei

Mwanangu amepika. Nje imeungua, ndani mbichi. Tumekula kimya.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimekwenda kwa wazazi wa mkwe. Mama mkwe hafuati mke wa mwanawe. Hufuatwa, huombwa radhi, hungojewa. Najua. Nimekwenda, tena kwa miguu, nikikimbia, na makusudi nilipita pale kona.

“Mwalimu! Wapi tena, na mvua hii?” Redio akaita.

“Namfuata mkwe wangu nimrudishe kwake. Tangaza.”

Alibaki na sindano hewani.

Ni mbali. Kuna kilima baada ya daraja ambacho sikuwahi kukijaribu. Nilikikimbilia, nikashindwa katikati, nikatembea, nikakimbia tena. Gauni lilijaa maji likawa zito kuliko uzito wote nilioupunguza. Fundi saa alipofungua mlango alitazama nyuma yangu.

“Mwalimu, gari limeharibika wapi?”

“Hakuna gari.”

Mkwe alinipa kanga kavu akaniketisha. Nilimwambia nilichokwenda kumwambia: kwamba sikuja kama mama mkwe, nimekuja kama shahidi asiyesikilizwa; kwamba nyumba ile ni yake; kwamba tukitoka sasa hivi nitatembea naye katikati ya mtaa mpaka mlangoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Wewe nilikukasirikia mwanzoni,” akasema. “Ulikuwa ukinirudishia sahani na huniambii kwa nini. Nilidhani umenichoka.”

“Ulikuwa na haki.”

“Hayo yamekwisha. Mjomba naye simlaumu sana, haishi na sisi, amesema alichokiona. Redio ni Redio. Lakini Mama, yule anayekula na mimi, anayejua kilichomo sufuriani, yeye alisema nini?”

Akalitundika gauni langu lililolowa, akaendelea.

“Nikirudi kwa miguu yako, siku nyingine nitatoka kwa mdomo wa mtu mwingine. Aje mwenyewe. Kabla hajaja huku, apite kwa mjomba wake akaseme alichoshindwa kusema siku ile. Akifanya hivyo, nitafikiri. Nimesema nitafikiri, Mama. Sikusema nitarudi.”

Fundi saa alitaka kumkemea. Nilimzuia. Nimefundisha wasichana wengi kusimama wima. Nilifurahi kumwona mmoja ambaye sikumfundisha mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemweleza mwanangu, neno kwa neno. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, upande mmoja, kana kwamba upande wa pili bado una mtu.

“Mjomba atanionaje?” akauliza.

“Kama mwanamume mwenye mke.”

Akanyoosha shuka la upande ule mtupu. Kisha akaniomba jambo, na aliliomba kwa upole wake wote. “Mama, kwani huwezi kuacha kukimbia kidogo? Miezi miwili tu. Mwili urudi, watu wanyamaze, na yeye arudi bila maneno. Si ingekuwa rahisi kwa wote?”

Nililifikiria pendekezo hilo kwa haki, nikilipindua kama ninavyopindua insha kabla ya kuipa alama. Halafu nikamjibu.

“Mkeo ameondoka. Nikinenepa sasa, mtaa utasema nini? Utasema: mmeona? Ametoka Mnyima, mama amerudi mwili. Kila ratli nitakayoiongeza itakuwa shahidi dhidi yake, na safari hii itakuwa shahidi anayeaminika.”

Alinitazama. Naamini ni mara ya kwanza katika mambo haya yote kunitazama.

“Kwa hiyo sitaacha,” nikasema. “Mkeo hayupo hapa, jikoni unapika wewe, na mimi bado napungua. Waje wapime. Redio ana futi. Hayo ndiyo niwezayo mimi kwa miguu yangu. Yale ya mdomo ni yako.”

Ameniambia atafikiri. Nimemkumbusha kwamba mke wake naye anafikiri, na kwamba huyo mke ana sababu nzuri zaidi ya kuchelewa.

Nalifunga daftari hili hapa, na safari hii si kwa aibu. Sitaandika habari za mvua, wala za goti, wala za anayepita nikikimbia akasema nini. Siku mwanangu atakapopita kwa mjomba wake, au siku atakaponiambia hatakwenda kabisa, nitakaa mezani niiandike siku hiyo jinsi ilivyokuwa, iwe ya kunifurahisha au ya kunifedhehesha. Kabla ya hapo sina la kuandika. Nina kile kilima baada ya daraja, ambacho bado sijakimaliza.